KARIBU NA KABURI: UHAKIKI WA DAI LA KABURI LA YESU KATIKA MLIMA CARDOU

0. Utangulizi

Mwaka 1996 kilichapishwa mjini London kitabu cha Richard Andrews na Paul Schellenberger chenye jina The Tomb of God, yaani Kaburi la Mungu. Waandishi hao wawili wadai kwamba mwili wa Yesu haukubaki Yerusalemu, bali umefichwa kusini mwa Ufaransa, ubavuni mwa mlima uitwao Cardou, jirani na kijiji cha Rennes-le-Château. Hawakuuchimbua mfupa, wala hawakuona sanda au jiwe lenye jina. Waliufikia mlima huo kwa njia ya kusoma tu: walisoma hati mbili za Kilatini, walisoma maneno manne yaliyoandikwa katika mchoro wa karne ya 17, kisha wakachora mistari juu ya ramani.

Kwa kuwa dai zima limejengwa juu ya usomaji wa matini, yafaa lipimwe na watu ambao kazi yao ni kusoma matini. Makala hii haiingii katika suala la ufufuko, ambalo ni la imani na lina wataalamu wake. Swali linaloulizwa hapa ni dogo zaidi: je, maandishi hayo yasema kweli yale ambayo yanasemeshwa? Jibu litakalotolewa ni kwamba hayasemi. Hati ni za kughushi, sentensi ya Kilatini haina pengo la kuzibwa, na njia iliyotumiwa haina kanuni, hivyo yaweza kutoa jibu lolote ambalo msomaji alilitaka tangu mwanzo. Mwishoni itaonyeshwa kwamba kosa hilo la usomaji halikuishia vitabuni: kaburi ambalo hakuna aliyeliona limeleta hasara kwa makaburi yaliyokuwapo.

1. Kutoka misa hadi kaburi

Habari za Rennes-le-Château zaanza na padri mmoja, Bérenger Saunière, aliyepewa parokia ya kijiji hicho mwaka 1885. Alilikuta kanisa likiwa bovu. Katika miaka iliyofuata alilitengeneza na kulipamba, kisha akajenga jumba liitwalo Villa Bethania na mnara uitwao Tour Magdala. Kijiji kilikuwa kidogo na maskini, kwa hiyo watu waliuliza fedha zilitoka wapi.

Swali hilo lilikuwa halali, na lilipata jibu mapema. Askofu wa Carcassonne alimfikisha Saunière mbele ya mahakama ya kanisa katika mwaka 1910 na 1911, kwa shtaka la kufanya biashara ya misa. Padri huyo alikuwa akiomba na kupokea kwa posta sadaka za misa kutoka pande nyingi za Ufaransa na hata nje yake, kwa wingi ambao padri mmoja hawezi kuusomea. Kwa fedha hizo, pamoja na misaada ya wafadhili, aliweza kujenga. Msomaji anayejua utaratibu wa nia za misa katika parokia hahitaji kuelezwa zaidi jinsi jambo hilo lilivyowezekana, wala kwa nini Askofu alikasirika. Saunière alisimamishwa kazi ya upadre, na akafariki mwaka 1917.

Katika kesi hiyo hapakutajwa kaburi. Kaburi liliingia katika masimulizi polepole, na njia yake yaweza kufuatwa mwaka kwa mwaka. Baada ya vita vya pili vya dunia, Noël Corbu aliipata mali ya Saunière kutoka kwa mtumishi wake wa nyumbani, Marie Dénarnaud, akaifanya hoteli. Januari 1956 gazeti La Dépêche du Midi lilichapisha masimulizi ya Corbu kwamba padri alikuwa amegundua hazina ya Malkia Blanche de Castille. Hoteli ilihitaji wageni, na wageni walikuja. Mwaka huo huo wa 1956, mbali na kijiji hicho, Pierre Plantard aliandikisha chama kiitwacho Prieuré de Sion. Katika miaka ya 1960 karatasi zilizopigwa taipu ziliwekwa katika Maktaba ya Taifa mjini Paris. Karatasi hizo zilikifanya chama kuwa cha kale sana, na Plantard mwenyewe kuwa mzao wa wafalme wa ukoo wa Merovingi. Mwaka 1967 Gérard de Sède alitoa kitabu L'Or de Rennes, na humo hati mbili za Kilatini zikachapishwa. Henry Lincoln akayapeleka masimulizi hayo katika televisheni ya BBC kwa vipindi vya 1972, 1974 na 1979. Mwaka 1982, pamoja na Michael Baigent na Richard Leigh, akatoa kitabu kilichodai kwamba Yesu alioa na kuacha wazao nchini Ufaransa. Miaka 14 baadaye Andrews na Schellenberger wakaleta kaburi.

Hazina ikawa nasaba, nasaba ikawa ndoa, na ndoa ikawa kaburi. Kila mwandishi alipokea kutoka kwa aliyemtangulia bila kurudi kwenye chimbuko. Mhakiki wa fasihi simulizi aufahamu mwendo huo vizuri: masimulizi yakipita mikononi mwa watambaji wengi huongezeka. Hilo si kosa katika ngano. Ni kosa katika kitabu kinachotaka kusadikiwa kama historia.

2. Hati mbili

Yasemekana kwamba Saunière alizikuta hati hizo ndani ya nguzo ya altare ya zamani wakati wa matengenezo ya kanisa. Hata hivyo, hati za asili hazijawahi kuwekwa mbele ya mtaalamu yeyote wa maandishi ya kale. Kilichoonekana ni nakala zilizochapishwa mwaka 1967, yaani miaka 50 baada ya kifo cha padri. Kwa mwanafunzi wa matini jambo hilo peke yake latosha kumfanya asimame. Hati isiyo na ngozi, wino wala historia ya kukabidhiwa kutoka mkono hadi mkono ni habari tu ya kwamba palikuwa na hati.

Maneno yenyewe si ya siri. Hati ndogo imechukua mwanzo wa sura ya 6 ya Injili ya Luka, ambapo wanafunzi wavunja masuke siku ya Sabato. Hati kubwa imechukua mwanzo wa sura ya 12 ya Injili ya Yohana, karamu ya Bethania. Wataalamu walipolinganisha Kilatini cha hati ndogo na nakala za kale za Injili, walikuta kwamba kinafuata Codex Bezae, kitabu cha kale chenye Injili kwa Kigiriki na Kilatini, ambacho kimehifadhiwa Cambridge, Uingereza, tangu mwaka 1581. Kilatini cha kitabu hicho kina sura yake ya pekee, si kile cha Vulgata kilichosomwa makanisani. Ni vigumu kuona jinsi padri wa kijiji cha milimani katika karne ya 18, ambaye anatajwa kuwa mwandishi wa hati, angelipata maneno hayo. Ni rahisi kuona jinsi mtu wa karne ya 20, mwenye maktaba ya Paris karibu naye, alivyoyapata.

Mtu huyo ajulikana. Ni Philippe de Chérisey, rafiki wa Plantard, ambaye mwenyewe alikiri kwamba ndiye aliyezitunga. Mapema, mwaka 1974, René Descadeillas, mtafiti wa Carcassonne aliyeyajua makumbusho ya maandishi ya mkoa wake, alikuwa amechapisha kitabu kinachoyaita masimulizi yote ya hazina kwa jina lake halisi: visasili. Hata Gérard de Sède, aliyezitangaza hati duniani, alirudi mwaka 1988 na kitabu kingine ambamo anazungumzia udanganyifu uliolizunguka jambo hilo. Yote hayo yalikuwa yamechapishwa kwa Kifaransa kabla ya 1996. Mwaka huo huo wa 1996 BBC yenyewe, ambayo vipindi vyake vya zamani ndivyo vilivyoeneza masimulizi, ilionyesha kipindi cha Timewatch kilichoyabomoa.

Matokeo yake kwa dai la kaburi ni makubwa, kwani hati ndizo zinazoongoza kwenye mchoro. Ndani ya hati kubwa zimechomekwa herufi za ziada zaidi ya 100. Zikifumbuliwa kwa njia ndefu na ngumu, hutoa maneno ya Kifaransa yanayowataja wachoraji wawili, Poussin na Teniers, kuwa ndio wenye ufunguo. Hati zikiondolewa, hakuna sababu yoyote ya kumwuliza Poussin habari za mlima Cardou. Mtetezi aweza kujibu kwamba hata hati ya kughushi yaweza kubeba siri ya kweli ndani yake. Yawezekana, lakini wajibu wa kuthibitisha unabaki kwa anayesema hivyo. Na mtu akishakubali kwamba chombo ni cha uwongo, hana budi kueleza ukweli umeingia humo kwa mlango gani.

3. Maneno manne

Mchoro unaohusika wajulikana kwa jina la Wachungaji wa Arkadia. Nicolas Poussin aliuchora kati ya 1638 na 1640 hivi, na sasa uko katika jumba la Louvre mjini Paris. Wachungaji watatu wa kondoo na mwanamke mmoja wamesimama mbele ya kaburi la mawe, na juu ya kaburi pameandikwa: ET IN ARCADIA EGO. Arkadia ni nchi ya Ugiriki ambayo washairi waliigeuza kuwa mahali pa amani, nyimbo na mifugo.

Andrews na Schellenberger waona kwamba sentensi hiyo haijakamilika, kwa sababu haina kitenzi. Wasema lazima liongezwe neno sum, yaani "mimi ni" au "mimi nipo". Hapa hoja yao yaanguka mara mbili.

Kwanza, Kilatini hakihitaji kitenzi hicho. Kukiacha kitenzi cha "kuwa" ni desturi ya kawaida ya lugha hiyo, hasa katika maandishi ya makaburi na semi fupi. Mzungumzaji wa Kiswahili hawezi kushangaa, maana lugha yake yafanya vivyo hivyo kila siku. Mtu asemapo "Huyu mwalimu wetu" au "Jina langu Yohana", hakuna anayetafuta kitenzi kilichoibiwa. Methali yasema: Njia ya mwongo fupi. Haina kitenzi, haina hata kishirikishi "ni", na maana yake imetimia. Hakuna mwanaisimu aliyewahi kudai kwamba aliyeitunga alificha herufi ili wajukuu wazitafute.

Pili, maneno hayo si ya Poussin. Kabla yake, mchoraji Guercino wa Italia alikuwa ameyaweka katika mchoro wake unaohifadhiwa Roma, ambamo wachungaji wawili watazama fuvu la kichwa lililo juu ya ukuta wa mawe. Poussin mwenyewe aliyatumia mara ya kwanza katika mchoro wa awali, ulioko Chatsworth nchini Uingereza, nao pia una fuvu juu ya kaburi. Fuvu hilo ndilo linaloeleza msemaji ni nani. Mwanahistoria wa sanaa Erwin Panofsky, katika uchunguzi alioutoa mwaka 1936 na kuupanua mwaka 1955, alionyesha kwamba kisarufi neno et lahusiana na in Arcadia, na kwamba anayesema ni Mauti: hata katika nchi ya furaha, yeye yupo. Alionyesha pia kwamba katika mchoro wa Louvre, ambamo fuvu limeondolewa, watazamaji walianza kuusikia msemo kama sauti ya marehemu anayekumbuka kwamba naye aliwahi kuishi Arkadia.

Mfasiri wa Kiswahili alazimika kuchagua kati ya usomaji huo miwili, kwa sababu lugha yake haimruhusu kujificha. Akiandika "Hata Arkadia mimi nipo", amempa Mauti neno. Akiandika "Mimi nami nilikuwako Arkadia", amempa marehemu. Kiambishi cha nafsi na cha njeo chafichua uamuzi wake. Tofauti kati ya sentensi hizo mbili ni suala la kweli, lenye uzito, na wahakiki wamelijadili kwa miaka mingi. Katika kitabu cha 1996 suala hilo lapotea kabisa. Mchoro ulioshughulika na kifo cha kila mtu umegeuzwa kuwa kibao cha kuelekeza njia.

4. Herufi zilizopanguliwa

Baada ya kuongeza neno sum, waandishi wapangua herufi zote 17 na kuzipanga upya zitoe Arcam Dei tango, Iesu: nagusa sanduku, au kaburi, la Mungu, Yesu. Herufi kweli zatosha. Lakini tatu kati ya hizo 17 zimeletwa na wapanguaji wenyewe. Zaidi ya hayo, waandishi wa 1982 walikuwa wameshapangua herufi 14 za asili, bila kuongeza kitu, wakapata I tego arcana Dei, yaani: ondoka, nazificha siri za Mungu. Sentensi moja yamfukuza msomaji, nyingine yamwambia kwamba msemaji amekwisha kuligusa sanduku. Zote mbili zatoka katika maneno manne yale yale, na hakuna kanuni ya kuamua ipi ndiyo.

Hesabu yaeleza sababu. Herufi 14 za ET IN ARCADIA EGO, zikizingatiwa zile zinazojirudia, zaweza kupangwa kwa njia 3,632,428,800. Zikiongezwa herufi tatu za sum, njia zafikia zaidi ya trilioni 14. Mpangilio ulio mwingi wa hizo hauna maana, lakini katika idadi kubwa namna hiyo, mwenye subira na kamusi ya Kilatini hakosi kupata sentensi inayofanana na wazo lake. Kupatikana kwa sentensi si ushahidi kwamba mtu aliificha humo.

Kiswahili chatoa mfano ulio karibu zaidi. Neno kaburi lina herufi sita: k, a, b, u, r, i. Herufi hizo hizo, zikipangwa upya, zafanya neno karibu. Neno hilo limeandikwa juu ya milango ya hoteli, maduka na parokia katika Lubumbashi, Bukavu na Kisangani, na katika miji yote inayotumia lugha hii. Kwa njia ya Andrews na Schellenberger, mtafiti angeweza kutangaza kwamba kila mlango wenye neno hilo unaficha maiti, na kwamba Waswahili wamewaonya wageni wao kwa karne nyingi bila wageni kutambua. Wala asingehitaji kuongeza herufi hata moja, kwa hiyo ushahidi wake ungekuwa bora kuliko wao. Kila mtu aona kwamba hoja hiyo ni ya kuchekesha. Yachekesha kwa sababu maana ya maneno yote mawili yafahamika kwa wasomaji. Ikivikwa Kilatini, ambacho wachache wakijua, kicheko chanyamaza na heshima yaingia.

Haisemwi hapa kwamba lugha za kuficha hazipo. Pwani ya Afrika Mashariki wajua mchezo uitwao kinyume, ambao Edward Steere aliueleza huko Unguja katika karne ya 19. Silabi ya mwisho ya neno hutangulizwa: kitabu huwa bukita, nyumba huwa mbanyu. Aliye nje ya mchezo haelewi. Aliye ndani aelewa mara moja, na wasikilizaji kumi wa kinyume hupata neno moja lile lile. Hiyo ndiyo alama ya fumbo la kweli: lina kanuni inayojulikana na pande zote mbili, na kanuni hiyo hurudisha jibu moja. Kitendawili nacho kina jibu ambalo mteguaji akilikosa huambiwa amekosa. Fumbo ambalo kila mteguaji hupata jibu lake, na hakuna anayeweza kuambiwa amekosa, bado halijawa fumbo. Ni kioo.

5. Mistari juu ya ramani

Sehemu kubwa ya kitabu ni ya jiometri. Mistari, pembe na miraba hutafutwa ndani ya hati na michoro, kisha huhamishiwa kwenye ramani ya eneo hadi mistari ikutane ubavuni mwa Cardou. Michoro hiyo ni safi, na msomaji asiye na mazoea ya jiometri aweza kudhani kwamba mahali penye rula na dira hapana nafasi ya mawazo ya mtu.

Nafasi ipo, na ni pana. Mkoa huo una vilele, makanisa, ngome na magofu mengi. Mtu akichagua vituo 20 tu, vyaweza kuunganishwa kwa mistari 190 na kufanya pembetatu 1,140. Katika wingi huo, pembetatu inayokaribia kuwa sawa pande zote ni jambo la kutarajiwa. Tena, juu ya ramani ya kipimo cha 1:50,000, mstari wenye unene wa milimita moja hufunika mita 50 za ardhi. Kusema kwamba mstari "wapita" juu ya jengo fulani ni kusema machache. Lililo zito zaidi ni kwamba mchoro hauna kipimo. Anayeuhamishia kwenye ramani huchagua mwenyewe ukubwa wake, mwelekeo wake na kituo cha kuanzia. Kila uamuzi ni mdogo, lakini ukijumlishwa na mingine humwezesha afike anakotaka.

Ndiyo maana makaburi ya Yesu yamekuwa mengi. Tangu mwaka 1935 kijiji cha Shingo, kaskazini mwa Japani, chaonyesha kaburi lake kwa kutegemea hati nyingine zinazodaiwa kuwa za kale. Walioamini Cardou hawakuweza kuwakanusha walioamini Shingo, wala hawa kuwakanusha wale, kwa sababu hakuna upande uliotaja kitu ambacho kikipatikana kingeonyesha kwamba umekosea.

Yafaa kulinganisha na kazi iliyofanyika Yerusalemu. Katika Kanisa la Kaburi Takatifu, mahali ambapo Wakristo wamepaheshimu tangu karne ya 4, ubao wa marumaru ulifunuliwa mwaka 2016 wakati wa matengenezo yaliyoongozwa na wataalamu kutoka Athene. Chokaa iliyokuwa kati ya mwamba na ubao wa chini ilipimwa, ikaonekana kuwa ya mwaka 345 hivi, jambo linaloafikiana na habari za ujenzi wa zama za Konstantino. Wapimaji hawakusema kwamba wamethibitisha ni nani aliyelazwa hapo. Walisema umri wa chokaa. Ushahidi uliwapa kiasi hicho, nao wakaishia kwenye kiasi hicho. Katika kitabu cha 1996 hakuna chokaa, lakini hitimisho halina mpaka.

6. Makaburi yaliyolipa

Mtu aweza kuuliza kama kuna haja ya kupoteza karatasi kwa kitabu cha namna hiyo. Jibu liko Ufaransa kwenyewe, juu ya ardhi.

Karibu na kijiji cha Arques, mahali paitwapo Les Pontils, palikuwa na kaburi la familia lililojengwa katika karne ya 20. Umbo lake lilifanana kidogo na kaburi la mchoro wa Poussin, na hilo likatosha. Vitabu vikalitangaza kuwa ndilo kaburi lenyewe ambalo Poussin aliliona, ingawa Poussin alifariki Roma mwaka 1665, na tangu 1624 maisha yake yalikuwa huko, isipokuwa kipindi kifupi alichorudi Paris kati ya 1640 na 1642. Wageni walikuja wakavuka ua, wakapanda juu ya jiwe. Mwaka 1988 mwenye ardhi alilibomoa kaburi hilo.

Katika Rennes-le-Château, wachimbaji wa hazina walikuwa wamefika mapema zaidi. Mwaka 1965 kijiji kililazimika kutoa amri ya kupiga marufuku uchimbaji katika eneo lake. Hata hivyo makaburi hayakupata utulivu, na mwaka 2004 mabaki ya Saunière yalitolewa makaburini na kuzikwa upya ndani ya uwanja wa mali yake ya zamani, ambako yaweza kulindwa. Kuna jambo la kusikitisha humo, kwani mwaka 1895 wanakijiji walikuwa wamemlalamikia Saunière mwenyewe kwa serikali, kwamba alikuwa akivuruga makaburi ya ndugu zao. Malalamiko hayo ni ya kweli, yameandikwa, na yatoka kwa watu waliokuwa na wafu wao mahali hapo. Katika maktaba nzima ya vitabu juu ya kijiji hicho, malalamiko hayo yalitumiwa kama dalili ya siri: kama padri alichimba, basi alitafuta kitu. Ni mara chache yaliposomwa kwa maana yake ya wazi, kwamba watu walitaka wazazi wao waachwe wapumzike.

Hapo ndipo kosa la usomaji linapokuwa kosa la adabu. Msomaji aliyezoea kudhani kwamba kila neno lasema kingine huishia kutosikia kabisa linachosema. Mchoro wasema kwamba wote watakufa. Yeye asikia dira. Wanakijiji wasema waacheni wafu wetu. Yeye asikia hazina.

7. Hitimisho

Dai la kaburi la mlima Cardou lasimama juu ya nguzo tatu. Hati zilitungwa na mtu aliyekiri. Maneno manne ya mchoro yametimia bila kitenzi, yalitumika kabla ya Poussin, na yana maana iliyochunguzwa vizuri. Jiometri hupata popote inapotafutwa. Hakuna hata nguzo moja iliyohitaji uchimbaji ili ianguke. Zote zilianguka kwa kusomwa upya.

Kitabu hicho hata hivyo chaweza kuwafaa wanafunzi wa matini, kama mfano wa lile ambalo tahakiki haina budi kujihadhari nalo. Haitoshi usomaji uwe na akili nyingi, wala ujae vielelezo na tarehe. Wanaosoma utenzi wa kale, barua ya mkoloni au hati ya ukoo wapaswa kuuliza, kabla ya kutafuta maana, matini hiyo imetoka wapi, ni nani aliyeiona kwanza, na ni mwaka gani. Wapaswa kutaja mapema ni kitu gani kikipatikana kitawafanya waache fasiri yao. Hapo tu ndipo kufaulu kwa fasiri kunakuwa na thamani, kwa sababu iliwezekana ishindwe.

Na katika Kiswahili, ambacho mafumbo yake ni mengi na mazuri, haja ya kanuni hiyo ni kubwa zaidi. Mshairi anayefumba humheshimu msomaji wake kwa kumwachia njia ya kufumbua. Msomaji naye humheshimu mshairi kwa kuifuata njia hiyo, bila kuongeza herufi ambazo hazikuandikwa.